William Brass: Mwanahisabati aliyezipata hesabu za vifo kwa akina mama

MTU akifia nyumbani katika kijiji kilicho nje ya Eldoret, sheria ya Kenya inawataka jamaa zake wamwendee naibu wa chifu, ambaye ni wakala wa usajili, ili kifo kiandikwe na kibali cha mazishi kitolewe. Wengi hufanya hivyo. Wengine huchimba kaburi ubavuni mwa boma, wakamzika mpendwa wao na kurejea mashambani, na kifo hicho kisiingie katika daftari lolote la serikali. Kifo cha mtoto mchanga, ambaye pengine hata kuzaliwa kwake hakukuandikwa, ndicho kinachopotea kwa wepesi zaidi.

Hata hivyo, kila baada ya miaka michache Wakenya hutangaziwa kiwango cha vifo vya watoto. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 41. Msomaji ana haki ya kuuliza: vifo ambavyo havikuandikwa popote vilihesabiwaje?

Jibu la swali hilo linapitia kwa Mskoti mmoja aliyefanya kazi katika ofisi ya takwimu mjini Nairobi kuanzia 1948 hadi 1955. Jina lake ni William Brass. Miongoni mwa wataalamu wa idadi ya watu ulimwenguni, mbinu alizobuni huitwa kwa jina lake hadi leo. Katika nchi hii zilikochipuka fikra hizo, ni wachache wanaolijua jina hilo nje ya kumbi za vyuo vikuu.

Brass alizaliwa mjini Edinburgh, Scotland, Septemba 5, 1921. Alisoma katika shule ya Royal High ya mji huo, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh alikosomea hisabati. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliolitumikia jeshi la wanamaji la Uingereza. Hakuwa tabibu. Alikuwa mtu wa namba tu, na pengine hilo ndilo lililomsaidia, kwa maana alipofika Nairobi akiwa na umri wa miaka 26 hivi, alikuta namba zilizokuwa katika hali mbaya kupindukia.

Ili tuelewe ubaya wa hali hiyo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo na kutazama jinsi Wazungu walivyokuwa wakihesabu vifo kwao.

Mnamo 1662 mfanyabiashara wa London aitwaye John Graunt alikusanya orodha za vifo zilizokuwa zikitolewa kila wiki mjini humo, akatambua kwamba kifo, ambacho kwa mtu mmoja hakina saa wala siku inayojulikana, kikitazamwa kwa umati wa watu hufuata mpangilio. Mwaka wa 1693 Edmond Halley, mtaalamu wa nyota, alitumia rekodi za mji wa Breslau kuunda jedwali la uhai, yaani orodha inayoonyesha katika watu wote waliozaliwa, ni wangapi wangali hai katika kila umri. Kampuni za bima zilipoanza kuuza ahadi za malipo ya uzeeni, majedwali ya namna hiyo yakawa ndiyo msingi wa biashara yao.

Kisha akaja Benjamin Gompertz, Myahudi wa London aliyezaliwa 1779, ambaye vyuo vikuu vya Uingereza vya wakati ule havikupokea watu wa dini yake. Alijifunza hisabati mwenyewe, na mwaka wa 1825 akachapisha kanuni iliyomletea sifa ya kudumu. Gompertz alionyesha kwamba baada ya mtu kukomaa, hatari yake ya kufa haiongezeki kidogo kidogo kwa hesabu ya kujumlisha, bali huzidishwa kwa uwiano uleule kila mwaka. Kwa makadirio ya kawaida, hatari hiyo huwa maradufu kila baada ya miaka minane hivi. Mwaka wa 1860 William Makeham aliongeza katika kanuni hiyo kiasi kisichobadilika, kuwakilisha vifo visivyochagua umri, kwa mfano vya ajali.

Ni kanuni nzuri, na hadi sasa wataalamu wa bima wanaitumia. Lakini ilizaliwa katika nchi zenye madaftari, na ilihusu hasa watu wenye umri wa kutosha kununua bima. Haikugusa miaka ya kwanza ya uhai, ambamo hatari ya kifo huwa juu mtoto anapozaliwa, ikateremka haraka kadiri anavyokua. Katika Afrika Mashariki ya miaka ya 1940, huko ndiko vifo vingi vilikokuwa. Tena, hata kama kanuni ingefaa, namba za kuilisha zingetoka wapi?

Kenya ilikuwa imewahesabu Wazungu, Wahindi na Waarabu katika miaka ya 1911, 1921, 1926 na 1931. Waafrika hawakuhesabiwa. Idadi yao ilikisiwa kutokana na orodha za walipa kodi ya nyumba, orodha ambazo zilikuwa na kila sababu ya kuwa na mapengo, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekimbilia kuandikwa. Usajili wa vizazi na vifo nao ulianza kwa wageni. Haukuenea katika wilaya zote za nchi hadi 1971. Kwa lugha nyepesi, serikali ya mkoloni ilijua mzungu fulani wa Uasin Gishu alifariki lini na kwa ugonjwa gani, ila haikuwa na habari ni watoto wangapi wa vibarua wake waliozikwa katika shamba lake mwaka huohuo.

Mwaka wa 1948 ndio uliobadilisha mambo. Januari mwaka huo, Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishiwa huduma kadhaa chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, na Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki ikawa miongoni mwazo. Agosti, idara hiyo iliendesha sensa ya kwanza kamili ya Waafrika katika eneo hili. Nchini Kenya walipatikana watu takriban milioni 5.4, wengi kuliko serikali ilivyodhania.

Tusidanganyike kwamba sensa hiyo ilifanywa kwa mapenzi. Mkoloni alitaka kujua idadi ya wafanyakazi, walipa kodi na midomo ya kulishwa baada ya vita. Hata hivyo, kuna jambo moja lililofanywa ambalo thamani yake ilikuja kuonekana baadaye. Mbali na kuhesabu vichwa, makarani walirudi kwa sampuli ya wananchi wakiwa na maswali ya ziada. Wanawake waliulizwa wamezaa watoto wangapi, na kati ya hao ni wangapi wamekufa.

Hapo ndipo Brass alipoingia.

Majibu yaliyoletwa Nairobi yangemkatisha tamaa mtu yeyote aliyezoea madaftari ya Scotland. Wananchi wengi hawakujua miaka yao kwa hesabu ya kalenda. Walijua rika lao, au njaa na vita vilivyotokea walipozaliwa. Kwa sababu hiyo umri uliandikwa kwa makundi mapana sana, watu wazima wote wa umri wa kuzaa wakiwekwa karibu katika kapu moja. Isitoshe, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kuhesabu watoto ni mwiko, na kumtaja mtoto aliyefariki ni kutonesha kidonda. Wapo wanawake waliowaacha nje watoto waliokufa siku chache baada ya kuzaliwa, ambao hata jina walikuwa hawajapewa.

Watu wa idara nyingine wangeweza kuzitupa karatasi hizo na kusubiri siku ambayo Afrika ingekuwa na usajili kamili. Brass hakusubiri. Hoja yake, ambayo aliifanyia kazi maisha yake yote, ilikuwa kwamba taarifa yenye kasoro si taarifa bure, mradi mtu ajue kasoro yake ni ya aina gani na inaelemea upande upi. Mwaka wa 1953, akiwa bado Nairobi, alichapisha makala iliyoonyesha namna ya kupata viwango vya uzazi kutokana na historia za uzazi zilizokusanywa kwa taarifa haba. Hatua hiyo ya uzazi ilitangulia ile ya vifo.

Mwaka wa 1955 aliondoka Afrika Mashariki akaenda kufundisha takwimu katika Chuo Kikuu cha Aberdeen. Kwa mwili alikuwa Scotland, ila kazi iliyokuwa mezani kwake ilikuwa ileile ya Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwasilisha mbinu yake ya vifo vya watoto kwa wataalamu wenzake, na Desemba 1964 akaieleza kwa urefu katika mkutano wa takwimu za vizazi na vifo uliofanyika Addis Ababa. Mwaka wa 1968 kilitoka kitabu kikubwa kuhusu idadi ya watu katika Afrika ya kitropiki, alichokiandika pamoja na Ansley Coale na wengine wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani.

Mbinu yenyewe ni rahisi kuisimulia, ingawa kuigundua hakukuwa rahisi. Tuchukue mfano wa kubuni. Wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 wanaulizwa maswali yale mawili. Wanasema wamezaa watoto 150 kwa jumla, na 30 kati yao wamekufa. Hiyo ni sehemu moja katika tano. Lakini moja katika tano ya nini? Watoto hao hawakuzaliwa siku moja. Mmoja ana wiki tatu, mwingine ana miaka sita, na wale waliokufa hatujui walikufa wakiwa na umri gani. Kwa mtazamo wa kwanza, namba hiyo haina maana yoyote inayoweza kulinganishwa na jedwali la uhai.

Brass aligundua kwamba ina maana. Mama wa umri huo, kwa wastani, amekuwa akizaa kwa miaka michache tu, na kwa hiyo watoto wake wamekabiliwa na hatari ya kifo kwa muda mfupi unaoweza kukadiriwa. Alipopiga hesabu kwa mifumo mbalimbali ya uzazi na vifo, aliona kwamba sehemu ya watoto waliokufa kwa akina mama wa miaka 20 hadi 24 inakaribia sana uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa akina mama wa miaka 25 hadi 29, inakaribia uwezekano wa kufa kabla ya miaka mitatu. Kwa wale wa 30 hadi 34, ni kabla ya miaka mitano. Kadiri mama anavyosonga umri, ndivyo majibu yake yanavyosimulia kipindi kirefu zaidi cha utoto.

Palibaki marekebisho. Katika jamii ambayo wasichana huolewa mapema, watoto wa mama wa miaka 22 wamekuwapo duniani kwa muda mrefu kuliko watoto wa mama wa umri huo katika jamii ambayo huchelewa kuolewa, na hivyo wengi zaidi watakuwa wamekufa hata kama hatari ni ileile. Brass alitayarisha jedwali la vizidishi vya kurekebisha tofauti hiyo. Ili kujua kizidishi kipi kitumike, mtu alihitaji tu kulinganisha wastani wa watoto wa wasichana wa miaka 15 hadi 19 na ule wa wanawake wa 20 hadi 24. Uwiano huo wenyewe husema uzazi huanza mapema au huchelewa.

Tazama kilichofanyika hapo. Hakuna daftari la vifo lililofunguliwa, wala daktari aliyeulizwa. Hakuna aliyehitaji kukumbuka tarehe. Mama anajibu maswali mawili mlangoni pa nyumba yake, na kutokana na maelfu ya majibu hayo hupatikana kiwango cha vifo cha wilaya nzima. Kwa maoni yangu, huu ni miongoni mwa uvumbuzi wa hisabati ulio na heshima kubwa kwa mtu wa kawaida, maana unaichukua kumbukumbu ya mwanamke asiyejua kusoma kuwa ushahidi wa kisayansi.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofaidi. Sensa zilizofuata baada ya uhuru ziliendelea kuwauliza wanawake maswali hayo, na watafiti wa hapa nchini, wengi wao wakifunzwa katika taasisi ya masomo ya idadi ya watu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakayatumia kupima wilaya moja baada ya nyingine. Picha iliyotokea haikuwa ya kupendeza. Mtoto aliyezaliwa Nyeri alikuwa na nafasi kubwa mno ya kuishi akilinganishwa na mtoto aliyezaliwa Nyanza Kusini au Siaya, katika jamhuri moja na chini ya bendera moja. Malaria ya kandokando ya Ziwa Viktoria ilichangia, na vivyo hivyo elimu ya akina mama na umbali wa zahanati. Kabla ya hapo watu wangeweza kubishana kuhusu tofauti hizo kwa hisia. Sasa zilikuwa na tarakimu.

Lakini watoto si watu wote. Brass alitaka pia kupata jedwali zima la uhai, kuanzia kuzaliwa hadi uzeeni, ilhali alichokuwa nacho kilikuwa vipande viwili vitatu vya utotoni. Ndipo alipobuni kile ambacho wanahisabati wanakienzi zaidi katika kazi zake, na ambacho alikieleza kwa ukamilifu katika makala ya 1971.

Wazo lake lilikuwa hili. Badala ya kutafuta kanuni moja itakayoeleza vifo vya wanadamu wote tangu mwanzo, kama alivyofanya Gompertz, chukua jedwali moja linaloaminika uliweke kuwa kigezo. Kisha, kwa kila umri, gawanya sehemu ya waliokufa kwa sehemu ya walio hai, utafute logariti yake, na uigawe kwa mbili. Fanya hivyo kwa kigezo na kwa jamii unayoichunguza. Brass aliona kwamba ukifanya hivyo, mikunjo ya majedwali hunyooka, na jamii mbili zozote huhusiana kwa mstari ulionyooka: Y = a + bK, ambapo K ni ya kigezo na Y ni ya jamii inayochunguzwa.

Namba mbili tu, a na b, zinatosha kulichora jedwali lote. Ya kwanza husema vifo kwa jumla viko juu au chini kuliko vya kigezo. Ya pili husema mzigo umeelemea wapi: b ikizidi moja, vifo vya watu wazima huwa vizito vikilinganishwa na vya watoto, ikipungua, mambo huwa kinyume. Mtu aliye na vipande vichache vya taarifa anaweza kuzitafuta namba hizo mbili na kujaza mapengo yaliyobaki. Gompertz alitafuta sheria ya kifo. Brass, mtu wa ofisi ya takwimu, alitafuta kipimo cha kukopesha jamii moja kwa nyingine, na nadhani tofauti hiyo imetokana na miaka saba ya Nairobi. Hata hivyo hakumtupa mtangulizi wake. Kanuni ya Gompertz aliigeuza baadaye akaitumia kupima uzazi.

Kwa vifo vya watu wazima, yeye na mwanafunzi wake Kenneth Hill walieleza mwaka wa 1973 mbinu ya kuuliza swali ambalo kila mtu anaweza kulijibu: je, mama yako yu hai? Na baba yako? Ukijua katika watu wa miaka 30 ni wangapi waliofiwa na mama, unaweza kukadiria uwezekano wa wanawake kuishi kwa miaka hiyo 30 na ushei. Sensa ya Kenya ya 1969 ilikuwa tayari imeuliza swali hilo. Miaka ya 1980 Brass alishiriki katika mbinu nyingine mbili za aina hiyo. Moja humuuliza mama aliyefika hospitalini kujifungua kama mtoto aliyemtangulia huyu angali hai. Nyingine, iliyochapishwa 1989 pamoja na Wendy Graham na Robert Snow, huwauliza watu kuhusu dada zao waliofariki wakiwa na mimba, wakijifungua, au katika majuma sita baada ya kujifungua.

Kuanzia 1965 Brass alikuwa London, katika chuo cha afya na tiba ya magonjwa ya kitropiki, ambako alikuwa profesa mwaka wa 1972 na kuongoza kituo cha masomo ya idadi ya watu hadi alipostaafu 1988. Vijana kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walipita mikononi mwake, wakarudi makwao na vizidishi vyake. Mwaka wa 1983 Umoja wa Mataifa ulichapisha kitabu cha mwongozo kilichozikusanya mbinu hizo, nacho kikawa mwenzi wa kila ofisi ya takwimu katika nchi maskini. Alitunukiwa nishani ya CBE na Malkia wa Uingereza mwaka wa 1981, na kuanzia 1985 hadi 1989 alikuwa rais wa muungano wa kimataifa wa wanasayansi wa idadi ya watu.

Kuna suala moja linalohusu Kenya ambalo Brass hakuishi kuliona, ingawa zana zilizotumika zilikuwa za shule yake. Alikuwa Nairobi Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Maelfu ya Wagikuyu waliokuwa maskwota walitimuliwa kutoka mashamba ya Wazungu ya Bonde la Ufa, na kufikia 1955 zaidi ya watu milioni moja katika eneo la Kati walikuwa wamefungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Waliokufa humo kwa njaa na maradhi hawakuandikwa.

Miaka 50 baadaye, mwaka wa 2005, mwanahistoria Caroline Elkins wa Marekani alichapisha kitabu kilichozua mjadala mkali, akisema kwamba ukilinganisha sensa ya 1948 na ya 1962, kati ya Wagikuyu 130,000 na 300,000 hawajulikani walikokwenda. Mwaka wa 2007 John Blacker, mtaalamu wa idadi ya watu aliyekuwa amefanya kazi Kenya kwa miaka mingi na kuzijua sensa hizo ndani na nje, alimjibu kwa hesabu. Akitumia majibu ya akina mama kuhusu watoto wao na ya watu kuhusu wazazi wao, alikadiria kwamba vifo vilivyozidi vya kawaida vilikuwa takriban 50,000.

Wapo waliofurahia kwamba namba imepungua. Walipaswa kusoma mstari uliofuata. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo, takriban 26,000, vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka 10. Hawa hawakushika panga wala bunduki, na hakuna ripoti ya gavana iliyowataja. Walijulikana kwa sababu mama zao, walipoulizwa na makarani wa sensa miaka kadhaa baadaye, walisema: nilizaa kadhaa, wamebaki kadhaa.

Hata hivyo, mbinu inayomtegemea mama ina udhaifu mmoja ambao hauna dawa: mama aliyekufa haulizwi. Katika miaka ya 1950 na 1960 jambo hilo halikuharibu sana hesabu, kwa kuwa kifo cha mama na kifo cha mtoto havikufuatana kwa kawaida. Ukimwi ulipoingia, vilifuatana. Mama aliyeambukizwa aliweza kumwambukiza mtoto, wote wawili wakafariki, na familia nzima ikatoka katika hesabu kana kwamba haikuwahi kuwapo. Wilaya zilizoathirika zaidi ndizo zilizoonekana nafuu kuliko zilivyokuwa.

Hata ule mstari ulionyooka ulipinda. Ukimwi uliua hasa watu wa miaka 25 hadi 45, umri ambao katika jedwali lolote la zamani huwa na vifo vichache. Hakuna a wala b inayoweza kuumba nundu ya namna hiyo kutokana na kigezo kisichokuwa nayo. Wanafunzi wa Brass na wanafunzi wa wanafunzi wake wamelazimika kuongeza vipengele vipya katika kanuni yake.

Brass alifariki Novemba 1999 akiwa na umri wa miaka 78. Mwezi uleule, Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa nchini Kenya. Miaka miwili baadaye, mjini Eldoret, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walianzisha mpango wa matibabu ulioitwa AMPATH, ambao ulikua hadi kuwahudumia maelfu kwa maelfu ya wagonjwa katika eneo la magharibi mwa nchi. Dawa zilipoenea, akina mama wakaishi, na swali la zamani likaanza tena kupata wa kulijibu.

Siku hizi tafiti kubwa za afya huenda mbali kuliko alivyokwenda Brass: mama huulizwa tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto mmoja mmoja, na umri wa kila aliyefariki. Hilo linawezekana kwa sababu wanawake wengi wamesoma na wana kadi za kliniki. Lakini tafiti hizo huzifikia nyumba chache, na haziwezi kusema mengi kuhusu kata moja au kijiji kimoja. Sensa ndiyo inayofika kila mlango. Eldoret, mji uliokuwa na watu 50,503 katika sensa ya 1979, ulikuwa na 475,716 makarani walipoupitia Agosti 2019, na kila mwanamke wa umri wa kuzaa waliyemkuta aliulizwa amezaa watoto wangapi, na ni wangapi walio hai.